Je, Wajua? Gemu Zinazotungwa Darasani na Masomo Yaliyomo Ndani Yake

Shule ikipata kompyuta, aghalabu huziweka katika chumba kimoja chenye nondo madirishani na kufuli mlangoni, na kwenye ratiba likaandikwa somo la kujitegemea: Kompyuta. Mwalimu wa hisabati hajui kinachofanyika humo, wala wa Kiswahili, wala wa historia. Kurasa hizi zinahusu waliofanya vingine. Walimwambia mwanafunzi atunge gemu ya kumfundisha mwenzake jambo fulani, na kuanzia hapo haikuwezekana tena kuitenga programu na somo lililobebwa ndani yake.

Je, wajua kwamba kobe alifundisha jiometri?

Mwaka 1967, huko Cambridge, Massachusetts, Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto tangu mwanzo. Papert alikuwa mzaliwa wa bara letu. Alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akasomea hisabati, kisha akafanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, bingwa wa kuchunguza namna watoto wanavyojijengea maarifa. Haukupita muda mrefu Logo ikapata kobe: kwanza roboti ya kutambaa sakafuni, baadaye alama ndogo kwenye skrini. Mtoto humwamuru aende mbele hatua 100, kisha ageuke kulia nyuzi 90. Akirudia amri hizo mara nne, mraba umekamilika.

Utamu uko kwenye pembetatu. Mtoto aliyefundishwa kwamba pembetatu yenye pande tatu sawa ina nyuzi 60 kila pembe humwamuru kobe ageuke nyuzi 60. Kobe hutii, lakini pembetatu haitokei. Linaanza kutokea umbo la pande sita. Mtoto hukuna kichwa, hurudia, hupata kilekile. Mwalimu mwenye busara humwambia asimame na kuitembea pembetatu hiyo sakafuni kwa miguu yake. Hapo hugundua kwamba anayetembea kwenye kingo za umbo hageuki kwa pembe ya ndani bali kwa pembe ya nje, nayo ni 120. Akishalielewa hilo hana haja ya kukariri. Ili kobe arudi alikoanzia, akiwa ametazama kulekule alikotazama mwanzo, jumla ya mageuko yake yote lazima iwe nyuzi 360. Pande tano? Gawanya 360 kwa 5, upate 72. Pande nane, 45. Sijaona maelezo ya ubaoni yaliyoeleza pembe za nje kwa uwazi wa namna hii.

Mwaka 1982, Papert pamoja na Nicholas Negroponte walipeleka kompyuta kwa watoto wa shule huko Dakar, Senegal. Kazi hii ilifika Afrika mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Je, wajua kwamba watoto wa darasa la nne waliwahi kupewa kazi ya kufundisha sehemu?

Sehemu ndipo watoto wengi wanapoachana na hisabati. Mtoto anaweza kujumlisha 1/2 na 1/3, akapata 2/5, na asione ubaya wowote, ingawa jibu lake ni dogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo.

Katika shule ya Hennigan mjini Boston, ambako mwaka 1985 ulianzishwa mradi wa Papert na wenzake ulioitwa Headlight, mtafiti Idit Harel alikabidhi wanafunzi 17 wa darasa la nne kazi isiyo ya kawaida. Badala ya kuwaongezea mazoezi ya sehemu, aliwaambia watengeneze kwa Logo programu ya kumfundisha mtoto mwingine sehemu. Kila mmoja alikuwa na daftari lake la ubunifu, akiandika anachopanga kufanya siku hiyo, kilichomkwamisha na atakachobadilisha kesho. Hakuna aliyewaagiza waanzie wapi. Ilibidi wajiulize maswali ambayo kwa kawaida ni ya mwalimu: mtoto asiyejua nusu ni nini nimwonyeshe nini kwanza? Akikosea, kosa lake linatokana na nini? Mmoja wao alichora mandhari yenye nyumba na jua, akatia rangi nusu ya vitu mbalimbali, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba sehemu si umbo fulani la kwenye kitabu. Unaweza kuziona katika kitu chochote unachokitazama. Mwisho wa mradi, watoto hao waliwapita wenzao waliosoma kwa njia ya kawaida, katika sehemu na katika Logo pia. Kitabu cha Harel kuhusu kazi hiyo, Children Designers, kilitoka mwaka 1991.

Mwenzake, Yasmin Kafai, alikwenda hatua moja mbele. Watoto wake 16, nao wa darasa la nne, walitunga gemu hasa, za kufundisha sehemu, kwa muda wa miezi sita, na wachezaji waliokusudiwa walikuwa wadogo zao wa madarasa ya chini. Kitabu chake, Minds in Play, kilichapishwa mwaka 1995. Kafai aliona tofauti kati ya wavulana na wasichana: wavulana wengi walitunga visa vya wema kupambana na uovu, mchezaji akikosea anaumia au anakufa, ilhali wasichana wengi waliweka michezo yao mahali pa kawaida pa maisha, na mchezaji aliyekosea alipewa nafasi ya kujaribu tena.

Kuna jambo jingine katika kazi ya Kafai ambalo kila mwalimu anayetaka kuanza anapaswa kulitafakari. Katika gemu nyingi za watoto wale, sehemu zilikuwa zimebandikwa juu ya mchezo. Mchezaji anatembea, anafika mlangoni, anaulizwa swali la sehemu, akijibu anapita. Ukiondoa swali la sehemu ukaweka swali la miji mikuu ya nchi, gemu inabaki ileile. Ugumu, na ndipo ubunifu unapoonekana, ni kutunga mchezo ambao hauchezeki bila sehemu zenyewe: mathalani duka la kanga ambamo mteja anataka robo tatu ya doti na muuzaji lazima ajue akate wapi, au kivuko ambacho kila gari huchukua sehemu fulani ya sitaha na nahodha asipozijumlisha vizuri pantoni inazidiwa. Mwanafunzi akifikia hapo, amekwisha kuielewa mada. Hawezi kuitunga gemu hiyo kwa kukariri.

Je, wajua kwamba kujua kuandika programu hakumfanyi mtoto awe hodari wa kila kitu?

Mwaka 1984, Roy Pea na Midian Kurland wa Bank Street College, New York, waliwapima watoto waliokuwa wamejifunza Logo kwa mwaka mzima. Kipimo kilikuwa kupanga ratiba ya kazi ndogondogo za usafi darasani kwa njia fupi kuliko zote. Watoto wa Logo hawakuwashinda wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Uingereza nako, mpango wa ScratchMaths wa chuo kikuu cha UCL, uliochanganya programu na hisabati kwa watoto wa miaka 9 hadi 11, ulipimwa kwa utafiti mkubwa wa kulinganisha shule. Taarifa yake ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba watoto walipiga hatua katika fikra za kikompyuta, ila matokeo yao ya mtihani wa taifa wa hisabati hayakuwazidi wengine.

Nayataja haya kwa sababu nawaheshimu walimu. Atakayeambiwa kwamba kompyuta peke yake itapandisha matokeo atavunjika moyo mapema, na atakuwa na haki. Tofauti kati ya habari hizi na ya Boston iko katika kazi aliyopewa mtoto. Kule kwa Harel na Kafai sehemu zilikuwa ndiyo kazi yenyewe, miezi nenda miezi rudi, na kulikuwa na mtoto wa kweli aliyekuwa akisubiri kufundishwa.

Je, wajua kwamba kugongana kwa vitu katika gemu ni hesabu ya Pythagoras?

Kila gemu ina swali moja lisiloepukika: je, vitu hivi viwili vimegusana? Mpango wa Marekani uitwao Bootstrap, ulioanzishwa na Emmanuel Schanzer na kulelewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, umelitumia swali hilo katika mafunzo yake ya aljebra. Mwanafunzi hutunga gemu yenye wahusika watatu: mchezaji, kitu cha kukimbiza na kitu cha kukimbia. Kila mhusika ana namba mbili, moja ya mlalo na moja ya wima. Tuseme mchezaji na kile anachokikimbia wamepishana hatua 30 kwa mlalo na hatua 40 kwa wima. Umbali kati yao ni upi? Mwanafunzi anatafuta, na jibu analolipata ni la pembetatu aliyoiona ubaoni akaisahau: 900 na 1,600 ni 2,500, kipeuo chake cha pili ni 50. Ikiwa ameamua kwamba umbali chini ya 50 ni mgongano, mchezaji amenusurika kwa unywele.

Jambo ninalolipenda zaidi katika mpango huu ni sharti lake kwamba kabla ya kuandika amri yoyote, mwanafunzi aandike mifano ya majibu anayoyatarajia. Ukiipa programu namba hizi, irudishe hii. Ukiipa hizi, irudishe ile. Kisha ndipo aandike programu na kuona kama inakubaliana na mifano yake. Mwanafunzi wa aina hiyo hasubiri mwalimu apite na kalamu nyekundu.

Je, wajua kwamba Scratch inazungumza Kiswahili?

Scratch, lugha ya kompyuta ya watoto, ilitolewa kwa umma mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika MIT. Haimtaki mtoto aandike amri kwa vidole. Anaziokota zikiwa vipande vya rangi na kuviunganisha. Toleo la tatu, lililotoka Januari 2019, linaweza kuwekwa kwa Kiswahili, na kuna programu ya kusakinisha inayofanya kazi bila intaneti. Kwa shule ambayo bando ni la mwalimu mwenyewe, hilo si dogo.

Jukwaa la Scratch lina upana wa 480 na kimo cha 360, na sifuri iko katikati. Kwa hiyo mlalo unaanzia hasi 240 hadi chanya 240, na wima kutoka hasi 180 hadi chanya 180. Mtoto wa darasa la tano anayetaka paka wake wa kwenye skrini aende kushoto hukutana na namba hasi kabla silabasi haijamfikisha huko, na hukutana nazo zikiwa na maana.

Sasa paka na aruke. Mwanafunzi huweka namba ya kasi, tuseme 12, na kila mara paka anapopanda kwa kasi hiyo, inapunguzwa moja. Anapanda 12, kisha 11, kisha 10, mpaka kasi inapokuwa sifuri. Hapo amefika juu kabisa, na jumla ya alikopanda ni 78. Kisha kasi inakuwa hasi na anaanza kushuka, polepole kwanza, halafu mbiombio. Scratch huchora upya skrini yake mara 30 kwa sekunde, hivyo kupanda huko kumechukua chini kidogo ya nusu sekunde. Mwalimu wa fizikia akiingia chumbani wakati huo hana haja ya kuanza na fomula. Mvutano wa dunia umekwisha kuandikwa na mtoto mwenyewe katika ile amri ya kupunguza moja, na sasa anaweza kuuliza: tukipunguza nusu badala ya moja, tutakuwa kwenye sayari ya namna gani?

Je, wajua kwamba gemu ya chura ilizaa somo la magonjwa?

Alexander Repenning wa Chuo Kikuu cha Colorado aliunda AgentSheets, programu ya kutungia gemu, na juu yake ukajengwa mpango ulioitwa Scalable Game Design. Wanafunzi huanza na gemu ya chura anayevuka barabara na mto, kwa mfano wa Frogger ya mwaka 1981. Humo hujifunza mambo machache yanayojirudia: vitu kugongana, gogo kumbeba chura, magari kuzaliwa upande mmoja na kumezwa upande wa pili, na katika gemu zinazofuata, kitu kusambaa kutoka mahali kilipo kwenda kwa majirani zake. Kisha mwalimu wa sayansi huwaambia wayachukue yaleyale wajenge msitu unaoungua, simba na swala, au ugonjwa unaoenea kijijini.

Hebu tulichukue hilo la ugonjwa kwa namna linavyotuhusu. Mwanafunzi anayetunga gemu ya mafua anaweza kuridhika na kanuni moja: anayekaribiana na mgonjwa huenda akaambukizwa. Akijaribu malaria kwa kanuni hiyo, gemu yake itakuwa ya uongo, na mwalimu wa baiolojia atamrudisha. Malaria haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kukaa pamoja. Lazima awepo mbu, tena jike wa Anopheles. Na mbu aliyemuuma mgonjwa leo hawezi kumwambukiza mtu kesho. Vimelea vinahitaji siku zipatazo kumi au zaidi kukomaa ndani yake, kutegemea joto. Basi kila mbu kwenye skrini anahitaji kihesabu siku chake. Mwanafunzi akiwasha programu ataona jambo ambalo bango la afya haliwezi kumwonyesha: mbu wengi wanakufa kabla hawajafikia kuwa hatari. Akiongeza chandarua chenye dawa, hata kama kinawapunguzia mbu siku chache tu za kuishi, wagonjwa wanapungua kwa kiasi kinachomshangaza. Kanuni hizo aliziandika mwenyewe, kwa hiyo anajua ni kwa nini.

Je, wajua kwamba walimu wanafunzi watatu walitunga moja ya gemu mashuhuri za historia?

The Oregon Trail, gemu ya safari ya walowezi kuelekea magharibi mwa Marekani, ilichezwa kwa mara ya kwanza darasani mwaka 1971. Don Rawitsch alikuwa katika mafunzo ya ualimu huko Minnesota na alihitaji namna ya kufundisha historia. Wenzake Bill Heinemann na Paul Dillenberger walijua kuandika programu. Waliikamilisha kwa takriban wiki mbili. Hapakuwa na picha wala skrini: mashine ilichapa maneno kwenye karatasi, na mchezaji alijibu kwa kuandika. Baadaye Rawitsch aliiboresha kwa kusoma shajara za wasafiri wa enzi hizo ili maradhi, mvua na ajali zitokee kwa kadiri ya ukweli.

Wanafunzi wetu wana safari yao ya kuandika. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Kuitungia gemu kunamtaka mwanafunzi ajue mpagazi alibeba kiasi gani (mara nyingi frasila mbili, kama kilo 32), hongo ililipwa kwa nani na kwa bidhaa gani, maji yalipatikana wapi, na kiangazi na masika vilibadilisha vipi mwendo. Kila jibu linageuka kuwa namba ndani ya programu, na kila namba inadai ushahidi. Ni hapa pia ambapo mwalimu wa historia hapaswi kutoka chumbani. Kwenye njia hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, na wanafunzi hawana budi kuamua kwa sauti, mbele ya wenzao, ni mambo gani hayafanywi kuwa pointi za kushindania. Mjadala huo una uzito kuliko programu nzima, nami nisingependa usomeshwe kwa haraka.

Je, wajua kwamba kompyuta inaweza kumfundisha mtoto sarufi kwa kuharibu sentensi?

Katika Mindstorms, kitabu chake cha mwaka 1980, Papert anasimulia habari za msichana wa miaka 13 aliyekuwa akiiandikia kompyuta programu ya kutunga mashairi kwa kuokota maneno bila mpango. Mashairi yalitoka ovyo mpaka alipoyagawa maneno katika makundi, majina huku na vitenzi kule. Ndipo alipoona kwa nini walimu walikuwa wakisumbuka na aina za maneno miaka yote ile.

Kwa Kiswahili mchezo huu ni mtamu zaidi. Mwanafunzi akitenganisha nomino, vivumishi na vitenzi tu, kompyuta itamletea "kiti mrefu ameanguka" na "miti kizuri umevunjika". Darasa litacheka, kisha litanyamaza, kwa sababu swali limekuja lenyewe: kosa liko wapi hasa? Itabidi kila nomino iwekewe ngeli yake, na kila ngeli viambishi vyake, ndipo zitoke "kiti kirefu kimeanguka" na "miti mizuri imevunjika". Siku mbili tatu mambo yatakwenda vizuri. Kisha mtu ataongeza neno kiboko, na kompyuta, kwa kuona ki- mwanzoni, itaandika "kiboko kikubwa kimelala". Wanafunzi wote wanajua kwa masikio yao kwamba ni kiboko mkubwa amelala. Kifaru naye hivyohivyo, na kipofu, na kijana. Sasa lazima waamue: je, tuandike orodha ya maneno yaliyoasi, au kuna kanuni iliyo kubwa kuliko umbo la neno, kwamba chenye uhai hufuata upatanisho wa A-WA? Hiyo ni isimu ya kiwango cha juu, na wameifikia kwa sababu gemu yao ilikuwa ikitia aibu.

Kwa wanaopenda visa kuliko sentensi moja moja, kuna Twine, iliyotengenezwa na Chris Klimas mwaka 2009, ambayo hutumika kutunga hadithi zenye njia panda: msomaji huchagua, na kila uchaguzi humpeleka kwingine. Hadithi yenyewe inageuka kuwa programu. Nguvu ya kisa imepimwa. Caitlin Kelleher alitengeneza aina ya Alice, programu ya kufundishia ya Carnegie Mellon, iliyolenga usimulizi wa hadithi, akailinganisha na ya kawaida kwa wasichana. Waliotumia ya hadithi walitumia muda wa kuandika programu uliozidi wa wenzao kwa asilimia 42, na asilimia 51 yao waliiba muda wa ziada kuendelea na kazi, dhidi ya asilimia 16 ya wale wengine.

Je, wajua nchi ziliamua nini?

Uingereza, kuanzia Septemba 2014, iliifanya kompyuta kuwa somo la kujitegemea. Finland, katika mtaala wa mwaka 2016, iliingiza programu ndani ya hisabati na kazi za mikono. Norway, mwaka 2020, ikaisambaza katika hisabati, sayansi, muziki, na sanaa na ufundi. Kenya iliidhinisha silabasi ya kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022, na mtaala wake wa umilisi unauhesabu ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi saba wa msingi unaopaswa kupita katika masomo yote. Kwa maoni yangu njia ya Norway ndiyo ngumu kuliko zote, maana inadai mwalimu wa muziki naye afundwe, na ndiyo ningeichagua.

Je, wajua kwamba inawezekana kuanza bila kompyuta hata moja?

Tim Bell wa New Zealand, pamoja na Mike Fellows na Ian Witten, walibuni mazoezi yaitwayo CS Unplugged, yanayofundisha sayansi ya kompyuta kwa kadi, kamba, chaki na watoto kusimama uani. Mtoto mmoja huwa kobe, mwingine anamwamuru. Anayeamuru vibaya humwona kobe wake akigonga ukuta.

Je, wajua kwamba bao ni programu inayosubiri kuandikwa?

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete sita nyumbani, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Kuna hatua ya kunamua na hatua ya mtaji, kuna kula na kutakata, na kete zilizoliwa hutiwa kuanzia kichwani. Mtoto wa Zanzibar au Lamu hujifunza haya barazani kwa kutazama wazee. Mwambie sasa aiandikie kompyuta, uone jinsi anavyolazimika kurudi barazani na maswali. Kete ya mwisho ikiangukia nyumbani, nani anaamua kusimama au kuendelea? Ni lini nyumba inapoteza haki yake? Fundi wa bao humjibu kwa mkono. Mwanafunzi lazima aligeuze jibu la mkono kuwa amri isiyo na utata. Mtafiti Alex de Voogt alikwenda Zanzibar kuchunguza vichwa vya mafundi hao, na tasnifu yake ya mwaka 1995 huko Leiden ilihusu namna wanavyokokotoa mizunguko mirefu ya kete bila kuzigusa.

Kuna mtego mmoja mwanafunzi atakaokutana nao. Amri ya kutia kete huandikwa kwa kurudia: maadamu kete ya mwisho imeangukia shimo lenye kete, endelea. Ataiamini, kwa sababu barazani kila mtaji huisha. Lakini watafiti waliochunguza bao kwa kompyuta wameonyesha kwamba kuna mipangilio ya kete ambayo ukiianza haikomi kamwe. Mkono utazunguka milele. Kompyuta ikiikuta itaganda, na mtunzi wake atadhani imeharibika. Atahitaji kuongeza kihesabu cha mizunguko na kuweka kikomo, kisha aende kuwauliza wazee barazani: mtaji wa namna hiyo ukitokea, kanuni inasemaje?